Kupunguza kilo nimeweza mara mbili, kuzitunza nimejifunza mara moja

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Ndugu zangu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mbeya, ambako asubuhi ya leo ukungu umeuficha mlima Loleza hadi saa nne. Nimesoma nyuzi nyingi humu zinazoeleza namna ya kupunguza uzito, na nyingi zimeandikwa vizuri. Lakini sijaona tukizungumza kwa kirefu juu ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya kupungua, wakati pongezi zimekwisha na nguo ulizompelekea fundi azipunguze zinaanza kubana tena. Huko ndiko nilikoanguka mimi, na ndiko ninakotaka tuelekee.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka 46. Mwaka 2017 nilikuwa na kilo 94 na presha iko juu, nikaamua kujinyima kwa nguvu zangu zote: asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana matango na yai moja, usiku sili kitu. Kwa miezi minne nilipungua kilo 15. Haukupita mwaka mmoja na nusu nikawa na kilo 96, yaani zilirudi zote na mbili juu yake. Niliona aibu kiasi cha kubadili njia ya kwendea kanisani ili nisikutane na akina mama walionisifu. Mwaka 2020 nilianza upya, safari hii taratibu, na baada ya miezi 11 nikafika kilo 77. Tangu hapo nimekuwa kati ya 77 na 80. Kwa urefu wangu wa mita 1.63 vipimo bado vinasema nimezidi uzito, lakini presha imetulia na magoti hayanisumbui tena, nami nimeamua kulilinda hili nililolipata kabla ya kutamani jingine.

Mwaka 2017 hakuna aliyeniambia kwamba kupunguza na kutunza ni kazi mbili tofauti. Mahindi unalima, unavuna, kisha unapumzika hadi mvua za Novemba. Chai ya kule Rungwe haina pumziko la namna hiyo; usipoichuma kwa wakati inapanda na kuwa mti. Nilikuwa nimeuchukulia mwili wangu kama shamba la mahindi, nikadhani nimevuna.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kilo zilirudi kwa sababu mimi ni mlegevu. Nilipoanza kusoma ndipo nilipoelewa kwamba mwili uliopungua haukai kimya. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliolishwa chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mzima baadaye homoni ya njaa, ghrelini, ilikuwa bado juu kuliko mwanzo, na leptini, ambayo hutengenezwa na mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari kwamba akiba ipo, ilikuwa bado chini. Watu hao waliona njaa zaidi kuliko kabla hawajapungua. Ubongo haujui kwamba umepungua kwa hiari yako. Unasoma kwamba ghala linaisha, na unafanya kile ambacho ungefanya wakati wa ukame.

Utafiti mwingine, wa Kevin Hall na wenzake wa Marekani, uliotoka mwaka 2016, uliwafuatilia watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 58. Miaka 6 baadaye kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia nishati pungufu kwa takriban kilokalori 500 kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Nilipoyasoma hayo nililia, kwa kuwa nilijiona humo.

Hata hivyo kuna hesabu moja ya watafiti hao hao iliyonipa mwelekeo. Wanakadiria kwamba kwa kila kilo unayopoteza, matumizi ya mwili hupungua kwa kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula huongezeka kwa takriban kilokalori 100. Maana yake, adui mkubwa ni njaa, kuliko ule unaoitwa mwili mzito wa kuchoma mafuta. Nikaacha kutafuta majani ya chai ya kuchoma mafuta yanayouzwa barabarani, nikaanza kujiuliza swali moja kila ninapopika: chakula hiki kitanishibisha hadi saa ngapi?

Hapo Nyanda za Juu Kusini zina neema ambayo tunaidharau. Mwaka 1995 watafiti wa Sydney walipima vyakula 38 kwa kiasi chenye nishati sawa ili waone kipi kinashibisha zaidi, na viazi vya kuchemsha viliongoza vyote, vikiuzidi mkate mweupe zaidi ya mara tatu. Viazi hivi hivi vinavyoshuka kwa magunia kutoka Umalila na Makete! Mwaka 2017 nilivikimbia kwa kuwa niliambiwa wanga ni sumu. Sasa ninakula viazi vitatu vya wastani vilivyochemshwa na maganda yake, pamoja na maharage au usipa wa Ziwa Nyasa na figiri nyingi, na nikila saa saba sina habari na chakula hadi jioni. Lakini viazi hivyo hivyo vikitumbukizwa kwenye mafuta vinakuwa chakula kingine kabisa. Mafuta ya kijiko kimoja cha chakula ni takriban kilokalori 120, na nilipoanza kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, niligundua kwamba mboga ya familia yangu ilikuwa inameza vijiko vinane. Parachichi nalo ni chakula chema, ila gramu 100 zake ni kilokalori kama 160, na maparachichi ya kwetu makubwa nusu yake tu inaweza kuzidi gramu hizo. Ninakula robo. Sukari ya chai niliiacha taratibu, kijiko kimoja kila mwezi, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote, kwa kuwa baridi ya Juni inadai chai tamu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya kigeni haviligusi, nalo kwangu lilikuwa zito kuliko njaa. Kwetu mtu akipungua anaulizwa anaumwa nini. Mikoa yetu imebeba mzigo mkubwa wa VVU kuliko sehemu nyingine za nchi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Karibu kila familia imemuuguza mtu aliyekonda kabla dawa hazijapatikana kwa urahisi, na kumbukumbu hiyo iko machoni pa kila anayekutazama. Nilipofika kilo 80, mwenzangu mmoja kazini alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi dawa zipo, nisiogope. Alikuwa na nia njema kabisa. Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi wiki mbili, na kila usiku aliniongezea ugali akisema, "Mwanangu, watu watasema mume wako hakulishi." Mwaka 2018 maneno kama hayo yalinirudisha kwenye sahani nikiwa najiambia kwamba nikinenepa kidogo watanyamaza. Mara ya pili nilimweleza mama kabla ya wengine wote: nilimpeleka kliniki, akasikia mwenyewe presha yangu ilivyokuwa na ilivyo sasa, na tangu siku ile yeye ndiye anayewajibu watu msibani na kwenye sherehe. Ninawasihi wenzangu mtafute mtu mmoja mkubwa katika ukoo atakayewasemea. Na wale wanaoishi na VVU nao hawastahili kufanywa kipimo cha hofu yetu. Wengi wao wana afya njema na miili imara kuliko sisi.

Kuhusu kutembea sitasema mengi. Ninashuka daladala mapema na kumalizia njia kwa miguu, asubuhi na jioni, jumla dakika kama 50, na siku za mvua ninapanda na kushuka ngazi za shule. Kule Marekani kuna daftari la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, na sasa lina watu zaidi ya 10,000. Asilimia 90 kati yao hufanya mazoezi takriban saa moja kwa siku, wengi kwa kutembea, na asilimia 75 hujipima uzito angalau mara moja kwa wiki. Hili la kujipima ndilo linalonilinda. Nikifika kilo 80 kwa Jumamosi mbili mfululizo, ninarudi kwenye utaratibu wa mwaka 2020 hadi nishuke 78. Nimefanya hivyo mara tano katika miaka hii. Zamani nilikuwa ninaona kilo tatu zimeongezeka, ninaficha mizani chini ya kitanda, na nikiitoa zimekuwa tisa.

Naomba na wengine mliopitia njia hii mtueleze, hasa mlikoanguka.

Mchangiaji (Iringa)

Kamwene, mwalimu. Umeandika habari zangu bila kunijua.

Mimi ninaishi Ipogolo na kazi yangu iko mjini juu. Wanaoijua Iringa wanajua mlima ule kutoka mtoni hadi mjini. Kwa miaka miwili niliupanda kwa miguu kila asubuhi, nikapungua kilo 11 bila kubadili chakula sana. Kisha nikanunua pikipiki. Sikuona kosa lolote, kwani ni maendeleo ambayo kila kijana anayatafuta, lakini ndani ya miezi 10 kilo 8 zilikuwa zimerudi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuona zikirudi, na jibu ni kwamba nilikuwa nimefuta saa moja ya mwendo huku sahani yangu ikibaki ya mtu anayepanda mlima. Pamoja na hilo kulikuwa na ulanzi (pombe ya mianzi) wa msimu wa mvua, ambao sisi hatuuhesabu kama chakula ingawa kilevi chenyewe kina nishati ya kilokalori 7 kwa kila gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9.

Kwa sasa pikipiki inalala Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nimepungua kilo 5 na zimekaa kwa miezi 14.

Jambo moja sikubaliani nalo sana. Mizani ilinitesa. Nilikuwa ninajipima kila asubuhi na siku ikiongezeka kilo moja sikuwa na amani hata kazini. Je, huoni kwamba kuna watu inawaumiza?

Mwanzisha uzi

Asante sana, kaka. Ninaona, na nakubali. Uzito wa siku hadi siku hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa ajili ya maji, chumvi, choo, na kwetu wanawake siku za mwezi, kwa hiyo kilo moja ya Jumanne haina habari yoyote ndani yake. Ndiyo maana mimi ninapima Jumamosi tu, na sichukui hatua hadi Jumamosi mbili zikubaliane. Kama hata hiyo inakuondolea amani, tumia suruali moja isiyovutika, uivae mara moja kwa wiki.

Mchangiaji (Mbarali)

Naomba kusema kwa heshima. Sisi huku tunapanda mpunga, tunainama tangu alfajiri, na hatujui habari za homoni. Naona mnatafuta maneno ya kitaalamu ya kufunika ukosefu wa nidhamu. Mtu akiamua, ameamua.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nimekusikia, na sehemu ya maneno yako ni kweli: kazi ya shamba inatumia mwili kwa namna ambayo dawati langu haliwezi. Lakini juu ya nidhamu naomba ulitazame jambo hili. Kati ya Novemba 1944 na mwishoni mwa 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kulishwa nusu ya haja yao kwa wiki 24, chini ya uangalizi wa Ancel Keys, ili dunia ijue namna ya kuwalisha watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Walikuwa watu wa msimamo, waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri. Hata hivyo walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani, na waliporuhusiwa kula walikula kuliko walivyowahi kula kabla, hadi mafuta ya miili yao yakapita kiwango cha mwanzo. Wale hawakukosa nidhamu. Ninaihitaji nidhamu kila siku, ila nimejifunza kuitumia mahali inapofaa: sokoni, jikoni, kwenye kijiko cha mafuta. Mezani, njaa ikiwa imekwisha kushika usukani, nidhamu yangu ni ndogo, na nadhani ya wengi ni hivyo.

Mchangiaji (Makambako)

Mimi ni muuguzi, na ninaomba niongeze machache kwa usalama wa wasomaji.

Mtu aliyepungua bila kukusudia, asilimia 5 ya uzito wake au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12, asishangilie wala asijifiche. Aende kituo cha afya. Kikohozi kilichofika wiki mbili, jasho la usiku, kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kuwahi. Anayetumia dawa za presha au za kisukari naye asizipunguze mwenyewe kwa kuwa amepungua, kwani kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kubadilishwa, na akizirudisha kilo kinaweza kuhitaji kubadilishwa tena. Sindano za semaglutidi ambazo wengi mnaziulizia zinapunguza njaa kweli, lakini matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliozitumia kwa wiki 68 kisha wakaziacha, walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo swali la mwalimu liko pale pale hata kwa mwenye fedha za sindano.

Mchangiaji (Tukuyu)

Ndaga, dada mwalimu. Nina miaka 31. Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilifikia kilo 83, nikapungua hadi 71, sasa nimerudi 80. Nimefikiria kufanya tena wiki mbili za maji na matunda ili nishuke haraka kabla ya harusi ya mdogo wangu mwezi wa tisa, ila nimechoka, na mama anasema niache kujitesa. Sina mizani nyumbani, na chakula chetu ni ndizi kila siku. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, ndaga fijo kwa kuuliza waziwazi. Kama mtoto bado ananyonya, anza kwa kuzungumza na kliniki kabla ya kupunguza chochote. Kama ameachishwa, mimi ningekusihi uziache hizo wiki mbili. Utashuka, sehemu kubwa ikiwa maji na nyama ya mwili, na njaa itakayofuata utaikuta ikikusubiri kwenye harusi hiyo hiyo.

Kwa miezi mitatu usitafute kupungua hata kilo moja. Tafuta kusimama hapo hapo ulipo, kwa kuwa kusimama ndiko hujajifunza bado, kama mimi nilivyokuwa. Ndizi usiziache, zichemshe na maharage, upike kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa kila mtu, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, na ule ukiwa umekaa, kabla hujafikia njaa ya kutetemeka. Tembea kila siku unapoweza, hata kama ni kumpeleka mtoto na kurudi kwa njia ndefu. Siku ya harusi kula, ucheze, na kesho yake urudi kwenye sahani yako bila kujiadhibu kwa kufunga.

Mizani isikusumbue. Utepe wa fundi cherehani unatosha: Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, pima kiuno usawa wa kitovu ukiwa umetoa pumzi, andika kwenye daftari. Miezi hiyo mitatu ikiisha rudi hapa utuandikie namba ya kwanza na ya mwisho, ndipo tuzungumze juu ya kushuka.